Hundi ya soya huku North Dakota inafuata nini

Jamaa yangu wa hapa Fargo, Mkongomani aliyekulia kambi ya Nyarugusu, anataka kukodi shamba. Juzi aliniuliza: "Kaka, ni kweli wakulima wa huku serikali inawalipa hata soko likiwatupa?" Ni kweli. Ila malipo yenyewe yana njia zake, na asiyezijua anaweza kukodi ardhi kwa bei kubwa asipate kitu.

Fargo ipo Kaunti ya Cass, mojawapo ya kaunti zinazolima soya nyingi zaidi Marekani. Ukitoka mjini mwezi wa Oktoba utakuta kombaini zinatimua vumbi hadi usiku, na malori yamepanga foleni kwenye mzani wa ghala kando ya reli. Kwa miaka mingi soya hiyo imepanda treni mpaka bandari za Pasifiki, ikaingia melini kwenda China.

Julai 2018, Marekani ilipozitoza ushuru bidhaa za China, China nayo ikaitwisha soya ushuru wa asilimia 25. Treni za magharibi zikakosa mzigo, na bei ya hapa ikaporomoka kuliko ya majimbo yaliyo karibu na mto Mississippi.

Ruzuku ya kawaida haikuwasaidia wakulima. Mpango wa PLC una bei ya msingi iliyowekwa na sheria. Kwa soya ilikuwa dola 8.40 kwa busheli, yaani kama kilo 27. Serikali hufidia pengo endapo wastani wa bei ya taifa zima kwa msimu mzima utashuka chini ya hapo. Wastani wa bei kwa mavuno ya 2018 ulikuwa dola 8.48. Kwa senti nane tu, PLC haikulipa soya hata ekari moja, na bei halisi aliyouzia mkulima wa Cass haikuhesabiwa.

Ndipo Wizara ya Kilimo ikaleta malipo ya dharura: dola 1.65 kwa kila busheli iliyovunwa. Ekari ikitoa busheli 40, hizo ni dola 66. Mwaka 2019 wakabadilisha, kila kaunti ikapewa kiwango chake, kati ya dola 15 na 150 kwa ekari. Majirani wawili waliotenganishwa na barabara ya vumbi, udongo uleule, waliweza kulipwa tofauti kwa sababu mpaka wa kaunti umepita katikati yao.

Sasa hili ndilo ninalomsisitizia jamaa yangu. Kwetu, mathalani Kenya, ruzuku ya mbolea unaiona kwenye mfuko kabla ya kupanda. Huku PLC hulipa Oktoba ya mwaka unaofuata mavuno, tena kwa "ekari za msingi", yaani historia ya zao iliyoandikishwa kwa jina la shamba. Shamba lenye ekari 100 za msingi za soya hulipiwa 85, hata kama mwaka huo umepanda ngano. Shamba lisilo na historia hiyo halilipwi, hata ukilijaza soya.

Sheria ya Julai 2025 imepandisha bei ya msingi ya soya hadi dola 10, na wenye ardhi wanalijua hilo wanapopanga kodi. Kwa hiyo kabla hujasaini, mwombe mwenye shamba karatasi ya FSA-156EZ kutoka ofisi ya kilimo ya kaunti. Ekari za msingi zimeandikwa humo, zao kwa zao.