Deni la Duka na Jina la Mwenye Duka

Wengi wetu twadhani deni la duka hubaki dukani. Sivyo. Mwenye duka wa Palma au Mocímboa da Praia akikopa benki, hata kwa kadi, deni huandikwa katika daftari la mikopo la Banco de Moçambique. Ikiwa biashara i kwa jina lake mwenyewe, yeye na duka ni mdaiwa mmoja: akichelewa kulipa ya dukani, aweza kunyimwa mkopo wa kujengea nyumba. Kampuni ina jina lake mbali, lakini mwenyewe akiidhamini kwa sahihi yake, deni humrudia. Maduka mengi ya Palma yalipochomwa Machi 2021, bidhaa ziliteketea, madeni hayakuteketea. Mkopaji aweza kuomba aonyeshwe yaliyoandikwa juu yake.