Vumbi la breki na chumvi ya pwani vinavyokula rimu mpya

Na Mwandishi Wetu, Kilwa

RIMU mpya za alumini zinazong'aa siku gari linapotoka Dar es Salaam zinaweza kujaa madoa ya rangi ya kutu kabla mwenye gari hajamaliza masika moja Kilwa Masoko. Wengi huamini kwamba wameuziwa bidhaa duni. Mara nyingi rimu ilikuwa nzuri. Kilichoiharibu ni vumbi la breki za gari lenyewe, likisaidiwa na chumvi ya bahari na, kwa bahati mbaya, na namna gari linavyooshwa.

Kila dereva anapokanyaga breki, pedi huibana diski ya chuma na vyote viwili husagika kidogo kidogo. Unga huo mweusi una chembe za chuma zenye joto kali, ambazo huruka na kunata kwenye vanishi ya rimu. Zikipata unyevu huota kutu zikiwa palepale, ndiyo maana madoa ya kahawia huonekana juu ya rimu ambayo yenyewe si ya chuma. Magurudumu ya mbele huchafuka zaidi, kwa kuwa breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa ya kulisimamisha gari.

Mbali na bahari, jambo hilo aghalabu lingebaki kuwa kero ya macho. Ukanda wa Kilwa hadi Lindi una habari nyingine. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba unaojijenga wenyewe juu yake, lakini chumvi huupenya utando huo na kuacha vishimo. Kokoto ikishabandua vanishi hata kidogo tu, chumvi huingia chini yake na kutambaa, na mwenye gari huona michirizi myeupe mithili ya njia za mchwa. Uharibifu huo ukifika kwenye ukingo ambako tairi hukalia rimu, unga mweupe huuinua mpira na upepo huanza kuvuja polepole. Dereva hujaza upepo kila asubuhi huku akitafuta msumari usiokuwepo.

Hatari iko hapo. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa katika Mto Rufiji mwaka 2003, na baadaye kipande cha Ndundu hadi Somanga chenye urefu wa kilometa 60 kuwekwa lami, safari ya kusini imekuwa fupi na mwendo wa magari umeongezeka. Tairi lenye upepo pungufu hupata joto kali katika mwendo huo, na linaweza kupasuka mahali palipo mbali na gereji yoyote.

Kinga bora huwekwa kabla rimu hazijafungwa, wakati fundi anaweza kuzifikia pande zote. Rimu ioshwe, ikaushwe, kisha ipakwe nta ya magari au dawa ya kufunika rimu, ndani na nje. Nta ya kawaida haivumilii sana joto la breki, hivyo irudiwe kila baada ya wiki chache. Dawa za seramiki hudumu zaidi ingawa bei yake ni kubwa. Vyuma vya kusawazisha gurudumu navyo viwe vya kubandika kwa ndani, si vya kugongomea ukingoni, kwani nyundo hupasua vanishi siku ya kwanza.

Fundi akumbushwe pia kupaka grisi kidogo sana mahali rimu inapokutana na hubu, bila kugusa diski, pedi wala nyuzi za nati. Chuma na alumini vikikutana penye maji ya chumvi, alumini huliwa haraka na rimu hung'ang'ania. Anayepata pancha usiku katika bonde la Mbwemkuru, akafungua nati zote na bado gurudumu likagoma kutoka, huelewa maana ya grisi hiyo.

Katika kuosha, kosa kubwa ni haraka. Gari likitoka safarini lisimwagiwe maji hadi magurudumu yapoe, kwani maji ya baridi juu ya diski yenye moto yanaweza kuipinda. Maji mengi yatangulie kuondoa mchanga, kisha sabuni laini na brashi laini. Ndoo na sponji za magurudumu zisitumike kwenye bodi, maana chembe za chuma zitaikwaruza rangi. Ifahamike pia kwamba maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi. Anayeyatumia na kuliacha gari likauke juani anairudisha chumvi ile ile aliyotaka kuiondoa. Asuuze kwa maji ya mvua au ya bomba, kisha afute kwa kitambaa kikavu.

Makumbi ya nazi na vyuma vya kusugulia sufuria havifai kabisa. Maji ya betri, ambayo baadhi ya waosha magari huyatumia kwa kuwa yanang'arisha papo hapo, ni asidi inayokula vanishi na alumini pamoja, achilia mbali mikono ya kijana anayeosha. Kwa madoa sugu ipo dawa isiyo na asidi inayogeuka zambarau inapokutana na chembe za chuma. Ipakwe kivulini na isuuzwe kabla haijakauka.

Magari yanayobeba samaki, ambayo hudondoshewa maji ya chumvi njia nzima, na yale yanayokwenda Liwale kwa barabara ya udongo kutoka Nangurukuru, pengine yangebaki na rimu za chuma zilizopakwa rangi. Hazipendezi sana, lakini huvumilia na kupakwa upya ni rahisi. Tope lililoganda ndani ya rimu litolewe, kwa sababu hutetemesha usukani na kumpeleka dereva kwa fundi bila sababu.

Zipo pia ngao za kuzuia vumbi, zinazowekwa kati ya rimu na breki. Hizo huzuia hewa ya kupoza breki, na anayeshuka milima ya Matumbi kutoka Kipatimu anaihitaji hewa hiyo kuliko usafi wa rimu.

Vumbi hilo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi za zamani, na baadhi ya zile za bei rahisi, huweza kuwa na asbesto, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema husababisha saratani katika aina zake zote. Lilowanishwe kwanza, kisha lifutwe.

Kabla ya kulifuta, mwenye gari alitazame. Gurudumu moja la mbele likiwa jeusi kuliko mwenzake, au likiwa na joto zaidi baada ya safari fupi, huenda breki ya upande huo imeng'ang'ania na haiachii. Likiwa safi mno kuliko mwenzake, huenda breki yake haishiki. Gari hilo lipelekwe gereji kwanza.