Mji wa viatu, mwenye nyumba anauza treni

Wadau, mtu akikwambia "huku kwetu kinatoka kitu fulani tu", mtajie Northampton, Uingereza. Mji wa viatu vya ngozi ule, tangu enzi. Ila nyumba yake inayojulikana sana, Derngate namba 78, umaarufu wake haukutoka kwenye viatu.

Aliyeipa jina ni W. J. Bassett-Lowke, kwao mafundi wa boila. Mwaka 1899 alianza kuuza treni ndogo za mfano na vipuri vyake kwa posta. Hakumsubiri mteja wa mtaani. Katalogi inakwenda, mteja anachagua, analipa, mzigo unatumwa. Katalogi ya kwanza alibandika picha halisi kwa mkono, moja moja! (Sisi wenye simu bado tunadokoa picha za watu mtandaoni.) Na hakutengeneza kila kitu mwenyewe, treni nyingi zilitoka kiwanda cha Bing, Nuremberg, Ujerumani. Kazi yake kubwa ilikuwa kujua mteja anataka nini na kumwonyesha vizuri.

Hiyo nyumba alinunuliwa na baba yake, 1916. Nyembamba kweli, imebanwa na majirani, basi akamwita msanifu Charles Rennie Mackintosh, akageuza hadi ngazi ili nafasi ipatikane. Mwaka 1926 akahama. Biashara haikutegemea hapo. Wateja walishika katalogi, si mlango wake. Baadaye nyumba ikawa ofisi za shule ya wasichana. Tangu 2003 ni makumbusho, watu wanalipa kiingilio kuiona ngazi ile.