Kuutambua Waraka Halali wa Kanuni za Barua Pepe

Tangu Serikali ya Tanzania ilipohamia Dodoma, na sheria ya mwaka 2018 kuutangaza mji huo kuwa makao makuu ya nchi, kazi nyingi za ofisi zake zategemea barua pepe. Fundi azitunzaye barua hizo, hali kadhalika mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayejifunza kazi hiyo, hana budi kuzijua kanuni zinazoziongoza. Kanuni hizo zimo katika nyaraka ziitwazo RFC, zilizoanza kutolewa mwaka 1969, nazo husomwa bila malipo katika mtandao. Shida si kuzipata, bali kuutambua ulio halali.

Sababu ni hii. Waraka ukiisha kutolewa, maneno yake hayabadilishwi kamwe. Likihitajika badiliko, hutolewa waraka mwingine wenye namba yake, na ule wa kwanza hubaki vile vile. Ndivyo ilivyo kwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu: toleo la 1981 halikutoweka rafuni siku lilipotoka lile la 2004.

Tutoe mfano. Waraka namba 822 wa mwaka 1982 uliagiza kwamba katika tarehe ya barua, mwaka uandikwe kwa tarakimu 2. Namba 1123 wa mwaka 1989 ukausahihisha, ukihimiza tarakimu 4. Namba 2822 wa mwaka 2001 ukachukua mahali pa 822, na mwaka 2008 namba 5322 ukachukua mahali pa huo nao. Mtu aliyesoma 822 peke yake angeandika 2018 kuwa 18, na mtambo unaopokea ungelazimika kukisia karne. Katika barua ya Serikali, ambayo tarehe yake yaweza kuwa ushahidi, hilo si jambo dogo.

Basi msomaji asianze na maandishi ya waraka, bali na maelezo yaliyo juu ya ukurasa wake katika tovuti ya mhariri wa RFC. Hapo hutajwa waraka ulioufuta, na nyaraka zilizourekebisha. Ukiwa umefutwa, afuate namba iliyotajwa, na iliyo mbele yake, mpaka aufikie usiofutwa. Kisha asome marekebisho yake na orodha ya makosa yaliyogunduliwa. Hata namba tulizozitaja hapa yafaa azipime hivyo, kwani makala haya nayo hayatabadilika yakiisha kupigwa chapa.