Madhabahu Ndani ya Kikapu: Ibada ya Lubaale katika Vyumba vya Kupanga vya Kampala

Kwa desturi ya Baganda, lubaale huabudiwa katika essabo, kibanda cha nyasi kinachojengwa katika ardhi ya ukoo. Mpangaji wa chumba kimoja Kampala hana ardhi hiyo. Madhabahu yake huwa kikapu kidogo kilichotandikwa lubugo, yaani nguo ya gome la mutuba. Humo huwekwa simbi, buni na pengine pembe inayoaminika kukaliwa na roho. Baada ya ibada kikapu hufunikwa na kusukumwa chini ya kitanda, kwa kuwa jirani mlokole yuko nyuma ya ukuta tu.

Usiri huo una gharama ya kisheria. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957 imeitenga ibada ya mizimu iliyo ya dhati na uchawi. Hata hivyo, pembe ya mwabudu na pembe ya mlozi hazitofautiani kwa sura. Tofauti ni nia, nayo haionekani kikapu kikifunuliwa mbele ya askari. Ajabu ni kwamba ufundi wa lubugo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Kilichotandikwa humo ndicho kinachoheshimiwa. Aliyekitandika bado hutakiwa kujieleza.