Nywele za Matimutimu na Hukumu ya Watu

Kijana atokapo nyumbani kwenda kuandamana, jambo la kwanza litazamwalo na watu si maneno ya bango lake, bali kichwa chake, shati lake na viatu vyake. Wazazi wengi huona kwamba asiyeweza kujichana nywele hana la kuwafundisha wakubwa juu ya uendeshaji wa nchi. Wazo hilo laonekana dogo, la nyumbani tu, lakini huko Marekani liliwahi kufika mpaka kwenye hesabu ya maiti.

Wanafunzi Weusi wa Greensboro, katika jimbo la North Carolina, walilifahamu vema jambo hili. Tarehe 1 Februari 1960 wanne kati yao waliketi katika duka la Woolworth, mahali pa kulia palipotengwa kwa Wazungu, wakaomba kahawa. Wenzao waliowafuata walivaa makoti na tai, wakafungua vitabu vyao na kusoma kimya, huku vijana wa Kizungu waliovaa ovyo wakiwazomea. Hata mhariri mmoja wa mji wa Richmond, mtetezi mkubwa wa ubaguzi, alikiri gazetini kwamba tofauti hiyo ilimtia haya. Hata hivyo mlango haukufunguliwa kwa sababu ya tai. Ulifunguliwa mwezi Julai, baada ya duka kupata hasara kubwa.

Miaka minane baadaye, wanafunzi waliopinga vita vya Vietnam walikwenda New Hampshire kumpigia kampeni Seneta Eugene McCarthy. Walinyoa ndevu, wakakata nywele, ndipo wakabisha hodi kwa wenyeji. Waliokataa wembe walipewa kazi za ndani, za kutia barua katika bahasha, wasije wakawatisha akina mama milangoni! McCarthy alipata asilimia 42 ya kura, na mwisho wa mwezi huo wa Machi 1968 Rais Johnson akatangaza kwamba hatagombea tena. Vita lakini viliendelea.

Wala si kila mahali unadhifu huleta huruma. Mjini Dar es Salaam, Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walioyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao mekundu ya kisomi. Majoho yale yaliwatambulisha kuwa wateule wachache katika nchi ya wakulima. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, naye akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Mambo yalizidi uzito tarehe 4 Mei 1970, katika Chuo Kikuu cha Kent, jimbo la Ohio. Askari wa ulinzi wa jimbo walifyatua risasi kwa muda wa sekunde 13, wakaua wanafunzi 4 na kujeruhi 9. Mmoja wa waliokufa alikuwa katika mafunzo ya uofisa wa jeshi. Mwingine, msichana, alikuwa akienda darasani. Walakini kura ya maoni iliyochapishwa na jarida la Newsweek ilionyesha kwamba asilimia 58 ya watu waliwalaumu wanafunzi, na asilimia 11 tu ndiyo iliyowalaumu askari. Mwandishi James Michener, katika kitabu chake cha mwaka 1971, ameandika juu ya wazazi wa mji ule walioona kwamba mwenye nywele ndefu au atembeaye pekupeku alistahili risasi. Mzazi kusema hivyo juu ya watoto wa jirani, pengine hata juu ya wa kwake, ni jambo la kuogofya.

Siku nne baada ya mauaji hayo, wafanyakazi wa ujenzi wa New York, wakiwa na kofia zao ngumu, waliwavamia wanafunzi waliokuwa wakiomboleza karibu na Wall Street. Walioshuhudia walisema kwamba waliwachagua hasa wale wenye nywele ndefu. Watu wapatao 70 waliumia. Kisha wakaenda ofisi za baraza la mji, wakalazimisha bendera iliyoshushwa nusu mlingoti kwa heshima ya marehemu ipandishwe juu.

Wazazi wa marehemu wa Kent na majeruhi walishtaki. Mwezi Januari 1979, baada ya miaka karibu tisa ya mahakama, walilipwa dola 675,000 kwa jumla, pamoja na tamko la masikitiko lililotiwa sahihi na washtakiwa 28.