Figo Zinapochoka na Chanzo Hakijulikani

Dalili ya kwanza ya ugonjwa wa figo kwa mbwa haifanani na ugonjwa. Mbwa anakunywa maji mengi, anakojoa sana, na mwenye nyumba anasema ni joto. Huku kwetu Luzira, Kampala, ukingoni mwa Ziwa Victoria, jua la mchana halina huruma, na hakuna anayeshangaa mbwa akimaliza beseni. Kapteni wangu alifika mahali pa kumaliza lake kabla ya saa nne asubuhi, na mkojo wake haukuwa tena na rangi wala harufu.

Kapteni ni mbwa wa kienyeji, wa kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Tunakaa karibu na barabara ya Port Bell. Mimi nimezaliwa kwenye kota za askari magereza hapa hapa Luzira, ambako watoto wa Kiacholi, Kiteso, Kilugbara na Kiganda tuligombana na kupatana kwa Kiswahili cha kambini, na karibu kila nyumba ilikuwa na mbwa. Mbwa wa siku zile akiugua, alipona au alikufa. Figo hazikutajwa. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba ugonjwa huu una njia zake za kupimwa na kutunzwa, hata pale ambapo hakuna daktari anayeweza kukwambia umetoka wapi. Kwa Kapteni mpaka leo hatujui umetoka wapi.

Figo moja ya mbwa ina vichujio vidogo vinavyokadiriwa kufika laki nne. Kiasi cha sehemu ya tano ya damu inayosukumwa na moyo huelekea kwenye figo zote mbili. Figo hutoa taka, hurudisha maji na madini mwilini kwa kipimo, husaidia kusimamia presha, na huuamrisha uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Kichujio kikifa hakioti kingine. Vilivyobaki vinabeba mzigo wa wenzao kimya kimya, na hapo ndipo hatari ilipo. Mbwa anaweza kupoteza thuluthi mbili ya uwezo wa figo kabla mkojo haujawa mwepesi, na robo tatu kabla ya kreatinini, ile taka inayotokana na misuli, kuonekana imepanda kwenye damu. Kwa hiyo siku unayoambiwa neno "figo", mara nyingi ugonjwa umeshakaa nyumbani kwako muda mrefu.

Baada ya maji yakaja mengine. Kapteni alianza kunusa chakula na kuondoka. Mukene, wale dagaa wa ziwani aliokuwa akiwalilia mlangoni kila nikichemsha sufuria, akawaacha. Pumzi yake ikawa na ukali wa mkojo, ufizi ukapauka. Nilimpima kwa mizani ya bafuni: napanda nikiwa nimembeba, nashuka, napanda peke yangu, natoa. Zilibaki kilo 22, na mbwa huyu alikuwa wa kilo 26.

Daktari wa mifugo alikuja kwa bodaboda, sanduku lake la barafu limefungwa nyuma. Alitoa damu mguuni kabla ya kumchoma dawa yoyote, akataka na mkojo wa asubuhi. "Mama, nikitanguliza dawa na dripu, majibu ya maabara yatanichanganya," akaniambia. Nawaomba wasomaji washike neno hilo. Sampuli za mwanzo, kabla ya matibabu, ndizo zinazosema zaidi.

Kreatinini ilisoma 390, kwa kipimo cha mikromoli kwa lita. IRIS, jopo la kimataifa la wataalamu wa figo za wanyama, limegawa ugonjwa sugu wa figo katika hatua nne, na kwa mbwa, kreatinini ya 251 hadi 440 ni hatua ya tatu. Mkojo nao, kwa kipimo cha uzito wake ukilinganishwa na maji, ulisoma 1.010, maana yake figo hazikuweza tena kuukaza. Mbwa mzima aliyekosa maji kidogo huvuka 1.030.

Swali la nani au nini limefanya hivi lilifika nyumbani kabla ya majibu. Mdogo wangu alikwisha kumtaja mtu, jirani aliyewahi kulalamikia kubweka kwa usiku. "Amelishwa sumu huyu," akasema, na maneno ya namna hiyo hayakai ndani ya ua. Picha ya ultrasaundi ndiyo iliyotuokoa na ugomvi. Figo zote mbili zilikuwa zimesinyaa na kingo zake hazikuwa laini tena. Sumu za wadudu ambazo watu hutumia kuua mbwa huleta povu, mitetemeko na kifo ndani ya saa chache, lakini figo hunyauka kwa miezi, wakati mwingine miaka. Picha ile haikututajia chanzo, ila ilimwondolea jirani lawama, na mimi naona hiyo peke yake ilitosha kulipia gharama yake.

Washukiwa wengine Luzira hawakosekani. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya bwawa la Kinawataka hupanda. Mfereji wa Nakivubo hubeba maji ya sehemu kubwa ya jiji hadi ghuba ya Murchison, upande wetu huu. Panya hawakosi palipo na samaki. Kupe wapo mwaka mzima, na kupe wa mbwa hueneza ehrlichia, kijidudu cha damu kinachoweza kuziharibu figo. Daktari aliuliza pia habari ya dawa za maumivu za binadamu, diklofenaki na ibuprofeni, kwa kuwa wapo wanaompa mbwa anayechechemea kidonge cha mgongo cha babu, na kidonge hicho kinaweza kumuua. Akauliza gereji, kwa sababu ya maji ya rejeta yenye kemikali tamu ya glaikoli, na akauliza zabibu, ambazo pia huharibu figo za mbwa. Kwa yote jibu lilikuwa hapana. Kipimo cha ehrlichia kikarudi safi.

Kilichobaki ni leptospirosi, na hapa jibu lilikuwa nusu kwa nusu. Askari wa mwili dhidi ya bakteria hao walionekana, lakini kwa kiwango cha chini ambacho hata chanjo ya zamani ingeweza kukileta. Daktari hakungoja. Alimwanzishia doksisaiklini, dawa inayofaa kwa lepto na kwa ehrlichia pia, ili kama mojawapo ilijificha isiendelee kula kilichobaki. Akatupa na masharti ya nyumba. Glavu mkononi unapoosha mkojo, sakafu imwagiwe dawa ya klorini, watoto wakae mbali na kona anakokojoa, na tandiko lake lianikwe juani mpaka likauke kabisa, maana bakteria hao hupenda unyevu na hufa kwenye ukavu.

Watanzania wanaijua lepto kwa jina la homa ya mgunda. Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu waliugua homa, kichwa na uchovu, wengine wakitokwa na damu puani, na hakuna aliyejua ni nini. Vipimo vya Ebola, Marburg na korona havikuonyesha kitu. Ndipo Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alipotangaza kuwa ni leptospirosi. Wagonjwa walikuwa 20 na watatu walikuwa wameshafariki. Panya hubeba bakteria hao kwenye figo zake bila kuugua, huwatoa kwa mkojo, na maji yaliyotuama huwafikisha kwa mbwa, kwa ng'ombe na kwa mkulima asiye na viatu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wameufuatilia ugonjwa huu miaka mingi, na aina mojawapo ya bakteria hao inaitwa Sokoine. Ndiyo sababu simwelewi mtu anayesema figo za mbwa hazimhusu.

Kuna mfano mwingine mzito zaidi. Machi 2007, huko Marekani na Kanada, mbwa na paka walianza kufa kwa figo, na kampuni moja ikaondoa sokoni makopo na pakiti za chakula chao zaidi ya milioni 60. Baadaye ilibainika kuwa protini ya ngano iliyotoka China ilikuwa imetiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ili ipimwe kama yenye protini nyingi. Ndani ya figo melamini ilikutana na asidi ya sianuriki, zikafanya fuwele, vijia vya mkojo vikaziba. Mwaka uliofuata melamini hiyo hiyo ikakutwa kwenye maziwa ya watoto China kwenyewe. Watoto wapatao laki tatu waliugua na sita wakafa. Wanyama walikuwa wametangulia kuonyesha.

Na si kila fumbo hufumbuliwa. Uingereza, tangu mwishoni mwa 2012, mbwa wamekuwa wakipata vidonda miguuni baada ya matembezi, na baadhi yao figo hufa ndani ya siku chache kwa sababu mishipa midogo ya damu huziba. Ugonjwa huo unaitwa Alabama rot, kwa kuwa ulionekana kwanza kwa mbwa wa mbio wa Marekani miaka ya 1980. Pamoja na maabara zao zote, chanzo hakijapatikana. Niliposoma hayo nilipumua. Nilikuwa nikidhani kukosa jibu ni umaskini wetu. Daktari wetu alinieleza vizuri zaidi: figo iliyosinyaa ni kovu, na kovu halisemi lilitokana na nini. Hata ukikata kipande ukakiweka chini ya darubini, mara nyingi utaona makovu tu. Kilichoyaleta kimeshaondoka.

Kwa hiyo tukaacha kukitafuta, tukashughulika na figo zilizopo.

Kwanza ni maji, na hapa nasema kwa sauti kwa sababu ushauri mbaya umezagaa. Wengi waliniambia nimpunguzie maji ili aache kukojoa ndani. Figo iliyochoka haiwezi kuyashika maji. Ukimnyima, damu inakuwa nzito, taka zinapanda, na unammaliza. Beseni lake halikauki. Nalipima lakini. Asubuhi naweka lita kadhaa kwa chupa, jioni napima yaliyobaki. Mbwa wa kawaida hunywa kama mililita 50 au 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na akivuka 100 kuna tatizo. Kwa Kapteni mpaka huo ni lita 2.2, naye alikuwa akiuvuka vizuri.

Pili ni sufuria. Chakula cha mbwa wengi wa Kampala ni posho, mukene na mapafu ya ng'ombe, na kwa mbwa mzima hakina ubaya mkubwa. Kwa mgonjwa wa figo, mukene ni shida, kwa kuwa analiwa pamoja na mifupa yake, na mfupa una fosforasi tele ambayo figo hizi haziwezi kuitoa. Sasa Kapteni anakula wali, viazi vitamu, malenge, nyama kidogo yenye mafuta na ute wa yai, ambao una protini nzuri na fosforasi kidogo sana. Ganda la yai nalisaga mpaka liwe unga laini na kuchanganya kwa kipimo alichonipa daktari, lipate kuikamata fosforasi tumboni. Chumvi siweki. Kitunguu ni marufuku kwa mbwa yeyote.

Tatu ni dripu ya chini ya ngozi. Mfuko wa Ringer unaning'inia kwenye msumari wa baraza, umepashwa moto kidogo ndani ya beseni. Navuta ngozi ya katikati ya mabega, naingiza sindano, na maji yanajikusanya chini ya ngozi yakafanya nundu inayoteremka polepole hadi kwapani, kisha inanywewa na mwili. Mara ya kwanza mkono wangu ulitetemeka. Mzee wa jirani, afande mstaafu wa magereza, alisimama akaangalia, akaniambia, "Binti yangu, mbwa ni wa kulinda. Akishindwa, mwache apumzike." Sikumjibu, kwa heshima ya umri wake. Siku hizi ndiye anayemshika Kapteni kichwa ninapochoma, na huwa anamsemesha kwa amri za gwaride.

Kreatinini imeshuka kidogo na imetulia hapo. Kapteni anakula, anabweka, uzito umeacha kushuka. Hatapona, na daktari hakunificha hilo. Tumekubaliana naye kwamba siku akikataa maji na miguu ikagoma, atakuja na sindano ya kumlaza, nami nitakuwepo. Kumburuza mnyama kwenye kichefuchefu cha figo zilizokufa kwa sababu mimi siwezi kumwacha ni ukatili, nami sitaufanya.

Wewe mwenye mbwa, mpe chanjo ya lepto kila mwaka pamoja na ile ya kichaa cha mbwa, funika chakula panya wasikifikie, na usimpe dawa ya maumivu iliyonunuliwa kwa ajili ya mtu. Ukimwona anamaliza beseni kuliko kawaida yake, kinga mkojo wa asubuhi kwa kopo safi, umimine kwenye chupa, uupeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kati ya vipimo vyote nilivyovitaja hapa, hicho ndicho cha bei ndogo, na ndicho kinachoanza kuonyesha mapema kuliko kreatinini.